Ripoti Yangu Imenirudia Nyumbani

Admin, nifichie jina, na wa Bukavu akinitambua anyamaze. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, naishi Kadutu na mume wangu na watoto watatu. Kazi yangu ni mteja wa siri: naingia dukani kama mnunuzi wa kawaida, naangalia wafanyakazi wanavyopokea watu, kisha naipelekea ofisi ripoti. Nilitia saini kwamba sitamwambia mtu.

Wafanyakazi wengine ni mtihani, jamani. Unasalimia, yeye na simu yake. Unauliza bei, anakujibu kwa kidevu. Nami sina uvumilivu, nakubali, na kalamu yangu ni kali.

Wiki mbili zilizopita nilitumwa kwenye duka la simu huko Nyawera. Binti wa kaunta alinieleza vizuri tu habari za vifurushi vya intaneti, forfait tunavyoviita huku. Lakini fomu yetu inataka jina la aliyekuhudumia, na hakuvaa beji. Nikamuuliza, akajifanya anapanga kadi za simu. Nikauliza tena, nikaongeza anakaa mtaa gani, eti nachangamsha mazungumzo. Uso ukambadilika.

"Jina yangu utaifanyia nini, maman? Kama forfait haikupendeze, acha."

Akaingia chumba cha nyuma, hakurudi. Nilitoka nimefura. Penye jina nikaweka saa na kaunta aliyokaa, kisha nikaandika: mkali, ameficha jina, amemtelekeza mteja. Nikampa sifuri.

Jumamosi, baada ya sala ya shirika letu la parokia, jirani yangu mjane akanifuata na bahasha. Binti yake, aliyeolewa mtaa wa Panzi na ambaye sikuwahi kumwona kwa mama yake, amepewa demande d'explication kazini. Kwetu ukipewa karatasi hiyo unajieleza kwa maandishi, na usipowaridhisha unafukuzwa.

"Weye unajuaka kuandika, maman. Unisaidie kujibia hii. Kama hapana, watamufukuza, na ni yeye anatulisha."

Nikafungua. Yalikuwa maneno yangu, moja baada ya lingine, hata lile la kutelekeza. Nikaikunja karatasi haraka. Nikamuuliza kwa nini binti alikataa kutaja jina.

"Baba yake walimuchukua vile. Mutu alikuya ku kazi, akamuuliza jina na fasi anaishi. Kesho yake alienda ku kazi, hakurudia. Tangu ile siku mutoto anaogopa."

Jamani, na mimi si mgeni wa mji huu. Siku hizi watu wanachukuliwa hivyo na hawaonekani tena, na mtu nisiyemjua akiniuliza jina namdanganya. Hofu ile niliiona usoni mwake, nikaiita ukali kwa sababu nilikasirika. Naona aibu kubwa.

Tangu Jumamosi situlii. Napika, chakula kinaungua. Jibu nimeliandika mara nne nikalichana, maana najitetea na kumtetea kwa kalamu moja. Nikiiambia ofisi kwamba ukaguzi wangu ulikuwa mbaya, na kwamba namwandikia jibu mtu niliyemkagua, kazi imekwisha, na mume wangu hana kazi. Nikinyamaza, nyumba ya mjane inalala njaa kwa sababu yangu, na kila wiki nakaa naye benchi moja kwenye sala.

Kesho saa tisa binti mwenyewe anakuja kwangu kutia saini barua. Mama yake amemwambia kuna mtu mwema wa kumsaidia. Sura yangu anaijua. Ndugu zangu, nishaurini leo hii: akibisha hodi, nimwambie nini?