Ndama Aliyepakwa Mafuta ya Nazi

Mkasa huu sijawahi kuusimulia kwa mdomo wangu mwenyewe, wengine ndio wanaousimulia, tena kwa kuutia chumvi, na mpaka leo nikipita pale steji ya Tiwi kuna dereva mmoja wa tuktuk ambaye hunisalimu kwa adabu kabisa, "Shikamoo, Mama Rama," nami namwitikia marahaba, halafu nikishapiga hatua chache nawasikia wenzake wanacheka. Sigeuki kuuliza wanacheka nini. Najua. Nimechoka kujificha, kwa hiyo leo nasema mwenyewe, na mwenye kucheka acheke mbele yangu.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wafugaji (nilikuwa, niseme hivyo, tutafika huko). Sheria kubwa ya kikundi ni moja: ukipewa ng'ombe wa maziwa, ndama wake wa kwanza wa kike si wako. Unamlea mpaka atimize miezi sita, unaalika watu nyumbani, unamkabidhi mwenzako anayefuata kwenye orodha, naye akija kuzalisha anampa mwingine vilevile. Na msiseme sikujua kulea ndama, maana mimi ndiye niliyechaguliwa kwenda kusomea mambo hayo Kwale kwa siku tatu, nikarudi na daftari, nikasimama mbele ya wenzangu na kijiti mkononi kama mwalimu wa darasa la kwanza nikawaeleza kwamba ndama akishazaliwa tu apewe dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo, anywe ashibe, ndiyo kinga yake. Kwamba maziwa yake ya kila siku yapimwe na yasiguswe. Na kwamba mtamba aliyenyimwa utotoni, ukubwani hata umlishe nini, atachelewa kuzaa na maziwa yake hayatakuwa ya maana. Nilisema yote hayo kwa sauti kubwa. Wakanipigia makofi.

Aliyekuwa anafuata kwenye orodha ni Mwanamisi. Ni mwanamke wa umri wa binti yangu, ana watoto wanne, mume alimwacha akaenda zake, na riziki yake ni mahamri anayokaanga asubuhi kando ya barabara. Huyu alikuwa amesubiri ng'ombe muda mrefu kuliko sisi sote. Alipanda majani ya nepia nyuma ya nyumba yake hata kabla ng'ombe wangu hajashika mimba, akajenga kibanda cha ndama kwa mikono yake, akakiezeka makuti mapya, na aliniambia siku moja, akicheka lakini si kwa mzaha, kwamba watoto wake wamechoka na chai ya rangi.

Sasa sikieni nilivyoharibu. Ng'ombe alizaa asubuhi, ndama wa kike, mzuri, mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, nikamwita Waridi. Na asubuhi hiyohiyo nyumbani kulikuwa na wageni, wifi yangu Mwanatumu alikuwa amekuja kutoka Msambweni na watoto wake watatu, na nyinyi mnajua dang'a ikipikwa taratibu kwa sukari na iliki inavyoshikana, mtu akionja haweki kijiko chini. Wifi akanitazama akaniambia, "Wifi yangu, yaani tuje nyumba alikozaa ng'ombe tuondoke hivihivi?" Ndiyo hapo. Nikajiambia kwamba ndama atakunywa jioni, kwani jioni ni mbali? Nikakamua, nikapika, tukala, tukalamba na sufuria. Jioni ndama alipopata zamu yake yalikuwa yamebaki machache, na mwenyewe alikuwa amenyong'onyea hata kusimama ni shida.

Wiki ya pili akaanza kuharisha. Akapona, lakini akapona nusu. Na wakati huohuo mwenye nyumba za wageni kule karibu na ufuo akawa anataka maziwa kwangu kila siku, mimi kila nikipima ya Waridi naona chupa za mteja hazijajaa, nikapunguza kikombe kimoja, kesho yake viwili, pengo nikaliziba kwa uji mwepesi wa mahindi. (Uji! Mimi niliyesimama na kijiti!) Kufika mwezi wa nne ndama yule alikuwa hana habari na maziwa, tumbo limetangulia mbele kama la mja mzito, mbavu zinahesabika, manyoya yamesimama yamekuwa makavu kama ufagio. Mwanamisi alikuwa akija kupiga hodi amwone ndama wake, nami namwambia amelala, au jua kali, na nilipoishiwa na sababu nikamwambia, "Mwanangu, usimtazame sana kabla hajawa wako, macho ya watu hayaaminiki." Akaniamini. Akasema, "Kweli mama, Mungu amhifadhi," akaondoka zake, na mimi nikaenda kukoroga uji.

Siku ya makabidhiano ikafika na mimi nimeshachoka hata kabla ya kuamka, maana uongo unachosha, tena unachosha kuliko kulima. Nikaamka alfajiri nikamtazama Waridi nikaona hakuna namna, huyu hatoki mbele za watu. Basi nikapata akili, akili ya kijinga. Kwanza, asubuhi hiyo sikumpa uji wake, ili tumbo lipungue. Pili, nikachukua mafuta ya nazi, ya kwangu ya nywele, chupa nzima, nikampaka kutoka shingoni mpaka mkiani, manyoya yakalala, akang'aa. Kwa mbali ungesema ndama wa maonyesho. Uji wake nikautia kwenye ile ndoo yake ya buluu, nikaufunika kwa ungo, nikauficha jikoni, nimtulize nao wageni wakishaondoka. Na maziwa yote ya asubuhi nikayatia kwenye chai ya wageni, ili nionekane mwenyekiti.

Watu wakaja, wakajaa uani. Mikeka ilitandikwa, wanakikundi walivaa leso sare, wifi Mwanatumu alikuja tangu Msambweni kunishangilia, na Mwanamisi alikuja na watoto wake wote wanne wameoga wamechanwa nywele, mkononi ana kamba mpya ya katani. Daktari wa mifugo naye akafika, kijana wa bara, mpole, na utepe wake wa kupima ndama. Nikahutubia. Nilihutubia sana jamani, nikarudia yale ya daftari yote, dang'a, kipimo, usafi wa ndoo, nikasema ndama wa leo ndiye maziwa ya kesho, wakapiga vigelegele. Halafu nikasema Waridi aletwe.

Daktari akainama amzungushie utepe kifuani, mkono ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza. Akanusa viganja vyake. "Mama, hii ndama imepakwa nini?"

"Ni... ni dawa ya kupe," nikasema, na harufu ya nazi imejaa ua mzima kama kunakaangwa samaki.

Pale Waridi akajinyonganyonga akachomoka. Akina mama wawili walimdaka, akawateleza. Mwanamisi akamkumbatia shingo kabisa, akabaki na mafuta kwenye baibui. Ndama akakata katikati ya mikeka, vikombe vya chai vikapinduka, watu wanaruka huku na huku wanashika leso zao, na mama yake Waridi pale zizini akaanza kulia, unajua ng'ombe anavyomwita mwanawe, kiwele kimeshaanza kujaa tena. Watu wakasema mwacheni, anakwenda kwa mama yake kunyonya. Nami moyoni nikaomba, ee Mola, aende kwa mama yake, mara moja tu.

Alimpita mama yake hakumtazama hata kwa jicho moja. Akaenda moja kwa moja jikoni kwangu. Tukasikia ungo umeanguka, tukasikia anabugia, na kabla sijafika mlangoni akatoka kurudi kwa watu na ile ndoo ya buluu kichwani, mkono wa ndoo umemnasa nyuma ya masikio, uji unamchuruzika shingoni unachanganyika na mafuta ya nazi, anatembea haoni mbele, mpaka akaja kusimama mbele ya daktari akapumua ndani ya ndoo.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

Daktari akamvua ndoo polepole, akachovya kidole, akanusa. "Mama, hii ndama imejuaje uji?" Akampima sasa, wanne wamemshika, akautazama utepe kwa muda mrefu akanong'ona, lakini ua ulivyokuwa kimya kila mtu alisikia, kwamba kifua kile ni cha ndama wa miezi mitatu. Halafu akauliza, si kwa ukali, kijana wa watu alitaka tu kujua pa kuanzia: "Alipozaliwa alipata dang'a?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Nilikuwa nitasema ndiyo, wallahi, nisiwafiche. Lakini wifi yangu Mwanatumu, ambaye hana ubaya wowote na hakuwa ameelewa kinachoendelea, akadakia kutoka mkekani kwa furaha, "Dang'a ya huyu? Ilikuwa tamu hiyo! Tulikula mpaka tukalamba sufuria!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaangalia chini, nikaona vidole vyangu vya miguu vina uji. Niliposikia katibu wa kikundi anasema tumwombe Mwanamisi asubiri ndama wa mwanakikundi mwingine, ambaye ng'ombe wake hata hajapandishwa bado, ndipo nilipoinua uso, nikamwona Mwanamisi. Hakuwa na hasira. Ningependelea hasira. Alikuwa amechuchumaa anamfuta Waridi uji machoni kwa upindo wa leso yake, na yule mtoto wake mdogo anamuuliza, "Mama, huyu ndiye wetu?" Naye akamjibu, "Ndiye." Kisha akamwambia katibu, "Mimi nimeshamjengea. Nitakwenda naye hivihivi." Akamfunga ile kamba mpya, akaniamkia, mimi niliyemdhulumu, "Shikamoo mama, asante kwa kunilelea," akaondoka naye. Maneno yale hakuyasema kwa kejeli, na hilo ndilo linaloniuma.

Uenyekiti niliuacha siku ileile, hakuna aliyenibembeleza. Kikundi kikaamua kwamba nitampelekea Mwanamisi maziwa ya Waridi kila asubuhi, kwa kipimo cha daktari, tena kwa mkono wangu, si wa kutuma. Nikapeleka. Mvua, jua, mguu unauma, nilipita steji na kibuyu changu, na kila siku kuna wa kuniuliza yanakwenda wapi maziwa hayo, na kila siku nikajibu yanakwenda kwa ndama. Yule mwenye nyumba za wageni akatafuta maziwa kwingine. Waridi akajifunza kunywa upya, manyoya yakalala yenyewe, tumbo likarudi, na mimi nikaanza kujipa moyo kwamba nimelipa, yamekwisha.

Hayajaisha. Huu ni mwaka wa tatu. Mitamba waliozaliwa pamoja na Waridi wote wanakamuliwa. Yeye ni mzima, hana ugonjwa, ila ni mdogo, amechelewa kila kitu, na daktari anasema asipandishwe kwanza, mwili haujatosha, akizaa sasa atakufa yeye na ndama. Nikimuuliza Mwanamisi hali yake ananijibu, "Tunamsubiri akue, mama." Naye asubuhi, akishamaliza mahamri, anakuja kwangu na chupa kununua maziwa ya chai ya watoto. Kwangu mimi. Maziwa ambayo sasa hivi angekuwa anayakamua mwenyewe.

Siku hizi ng'ombe wangu akizaa, sisongezi hata sufuria karibu na meko mpaka ndama ameshiba na kulala, na wifi akija siku kama hiyo nampikia samaki. Hilo nimeapa na sijalivunja. Lakini kiapo hakimkuzi Waridi. Juzi Mwanamisi alikuja, ndama mpya wa ng'ombe wangu yuko pale zizini, nikachukua chupa yake nikaijaza, nikazidisha kama ninavyozidisha siku zote, yakafurika yakanimwagikia vidoleni, naye akanishika mkono taratibu akasema, "Inatosha, mama. Hayo mengine mwachie ndama."