Umeme Upi?

Mimi ni mwoga wa radi, na ndiyo sababu niliifuatilia. Watu hawanielewi nikisema hivyo. Nilipokuwa mdogo kwetu Machame, radi iliua ng'ombe wawili wa baba wakiwa wamefungwa zizini, na tangu siku ile nikawa nataka kujua iko wapi kila dakika. Mtu akishamwona nyoka chumbani hamwondolei macho.

Nikaja kuwa mwalimu wa jiografia Arusha. Kaka yangu alikuwa anauza mitumba, na miaka ile ya soko huria, kila kitu kilipokuwa kinaingia nchini, akapata pikapu kuukuu kutoka Japani. Jumamosi mawingu yakianza kujijenga juu ya Mlima Meru, tunatoka. Yeye anaendesha, mimi nimeshika daftari, saa na redio ndogo. Redio naiweka katikati ya stesheni mbili, pasipo na mtu anayesema. Umeme ukipiga popote, inakwaruza. Halafu nahesabu tangu mwanga hadi ngurumo. Sekunde tatu ni kilomita moja. Kaka alikuwa anafurahia matembezi. Mimi nilitetemeka mwanzo hadi mwisho, na Jumamosi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kuingia garini.

Mume wangu hakuwa na habari na mawingu. Yeye alikuwa na TV yake, ya kwanza kwenye uchochoro wetu pale Levolosi, na antena aliyoifunga kwenye bomba la chuma refu kuliko nyumba yenyewe. Upepo ulikuwa umelipinda bomba, picha ikawa chenga tupu. Nilimsema wiki nzima. Ulikuwa wakati wa mgao, mtaa wetu haukuwa na umeme tangu Alhamisi, na Jumamosi ile nikamwambia nikiwa mlangoni, "Umeme ukirudi leo usikae. Panda uinyooshe hiyo antena."

Tuliegesha Kisongo, karibu na uwanja wa ndege. Kwa hesabu zangu lile wingu lilikuwa literemke kuelekea Monduli, likatize mbele yetu. Halikuteremka. Ilipofika saa nane kichwa chake kilikuwa kimetandaa bapa, na tumbo lake lilikuwa jeusi lenye ukijani, rangi ambayo siipendi kwa sababu mara nyingi huja na mvua ya mawe. Nikahesabu kumi na mbili. Mara ya pili kumi na tano. Mara ya tatu ishirini. Lilikuwa linatuacha, linakwenda mjini.

Nilikimbilia duka la dawa za mifugo lililokuwa na simu. Uchochoroni kwetu simu ilikuwa moja tu, ya mzee mwenye duka linalotazamana na nyumba yetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Tafadhali mwambie mume wangu umeme unakuja huko. Baada ya nusu saa tu."

"Afadhali, mama. Nyama yangu imeshaanza kunuka kwenye friji. Namwambia sasa hivi."

Simu ikakatika, laini ikafa. Nikarudi garini nimeridhika, nikijiona nimeokoa mtaa mzima. Kaka akauliza mzee amesemaje, nikamweleza, na ile habari ya nyama pia, maana sikuielewa. Kaka akacheka. Halafu akaacha kucheka, akawasha gari.

Hapo ndipo na mimi nikaelewa. Nilikuwa nimemwambia mume wangu apande juu ya bati ashike bomba la chuma, na radi inakuja.

Sijawahi kuogopa vile, hata zizini kwa baba. Redio ilikuwa inakwaruza mfululizo mapajani mwangu, na sikuweza kuizima. Mvua ya mawe ikaanza kugonga kioo. Kaka aliniambia niache kuhesabu, lakini mdomo haukunisikia mimi wala yeye. Tisa. Sita. Nne. Kila namba niliyoitaja nilimwona mume wangu kalikumbatia lile bomba. Tulipokata kona ya mwisho mwanga ulijaa garini, na sikuwahi kusema moja.

Bomba lilikuwa limelala juu ya paa la jirani, limepasuka. Antena sikuiona. Ngazi ilikuwa bado imeegemea ukuta, haina mtu. Nilibaki garini kama gunia, kaka akaingia ndani peke yake. Aliponiita sikutambua kama ni sauti ya heri au ya shari.

Mume wangu alikuwa amekaa sakafuni, sikio moja kalifunika kwa kiganja, TV inatoa moshi nyuma yake. Alikuwa amepanda kama nilivyoagiza. Alilinyoosha bomba, akamwomba mzee wa duka aingie atazame kama picha imekuja. Mzee akatoka akamwambia, "Picha ya wapi, hata taa haiwaki." Mume wangu akateremka kwenda kuangalia mita, akiwa amekasirika. Alikuwa amefika katikati ya sebule radi ilipopiga.

"Ulisema umeme unakuja," aliniambia kwa sauti kubwa, maana alikuwa hasikii hata sauti yake.

"Umekuja," nikamjibu, nikakaa kwenye maji yaliyoingia mlangoni, nikalia.

Mgao tulioulaani tangu Alhamisi ndio uliomteremsha. Kama umeme ungerudi dakika ile, angebaki juu akiizungusha antena mpaka picha itulie. Jambo hilo linaniogopesha mpaka leo kuliko ile radi yenyewe.

Kwenye daftari sasa naandika radi, sitaki neno lingine. Na nyumbani kwetu mtu yeyote akisema umeme unakuja, mume wangu anauliza, "Upi?" Wageni hucheka. Mimi hutoka kwanza nikatazama juu ya bati.