Kailo wa Ruwi

Kwaru, kwaru. Ndiyo sauti ya ulimi wa ng'ombe juu ya ngozi ya ndama wake aliyekufa, kama mtu anakuna nazi chumba cha pili. Mpaka leo nikisikia nazi inakunwa, mkono wangu husimama kwa lolote ninalofanya.

Ilikuwa 1964. Tulikuwa tumetoka Unguja, mimi, mama na mdogo wangu wa kunyonya, tukavuka bahari, tukafikia Ruwi, nchi ya Waarabu, kwa bibi, mamake baba. Wakati huo Ruwi ni visima, mitende na nyumba chache za udongo. Baba hatukuja naye. Kila siku bibi humwambia mama, "Mwanangu atakuja na meli ijayo, nnajua mie." Mama alikaa ameegemea ukuta tu, maziwa yakamkauka kifuani. Ya kopo yalimharisha mtoto. Tegemeo likawa ng'ombe wa bibi, mdogo, mweusi, chakula chake tende za kuchemsha na dagaa wakavu. Dagaa, jamani! Siku ya kwanza nilicheka peke yangu, nikatamani wenzangu wa shule wangeniona ninavyomlisha.

Kisha ndama akafa, ng'ombe akazuia maziwa. Bibi hakubabaika. Akamchuna ndama, ngozi akaijaza majani makavu, akaishona, akainyunyizia maji ya chumvi na kuisimamisha mbele ya mama mtu. Ng'ombe akanusa, akalamba, maziwa yakateremka. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilishika bakuli tu.

Nesi mmoja wa Kizungu alikuja kumtazama mtoto. Alipoiona ile ngozi akapiga makofi. "Bibi yangu akifanya hivihivi! Kwa kailo zake!" Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Kailo ndo nini?" bibi akauliza.

Ng'ombe wa milima ya kwao Uskoti, akasema, mfupi, manyoya mpaka machoni, theluji haimtishi. Watu wa mjini wana jina jingine. Kailo ni neno la wazee wa upande wa bibi yake. Akamchora mchangani kwa kidole.

Bibi akainama kutazama. "Huyu kondoo, binti yangu. Walikudanganya."

"Ana pembe, bibi! Ndefu hivi!"

"Basi kondoo mwenye pembe. Mlete Ruwi wakati wa joto, tumle keshaiva."

Nesi alicheka mpaka akapaliwa. Toka siku hiyo nikamwita ng'ombe wetu Kailo. Bibi akikamua, mimi nilikuwa mbali, kwenye milima ya baridi, nachunga ng'ombe wenye nywele kama maharusi.

Asubuhi moja mama akatoka uani. Akasimama akimtazama Kailo analamba.

"Anajua," akasema.

"Ng'ombe huyo, atajua nini?" bibi akauliza.

"Anajua. Msimdanganye kila siku." Akaibeba ngozi, akaitupa nyuma ya ukuta.

"Na mwanao anywe nini?" bibi akapaza sauti. "We mwanamke, mwanao anywe nini?"

Mama akaingia, akampakata mtoto, akamweka kifuani. Mtoto akavuta, akavuta, akaachia, akalia. Mama alikuwa anatazama ukuta. Bibi akakaa kizingitini, ushungi umemshuka mabegani. Nilingoja aitaje meli. Hakuitaja.

Nikachuchumaa kwa Kailo, nikajaribu kukamua mwenyewe. Hakutoa hata tone. Akanigeuzia kichwa, akanitazama, na mtoto ndani analia mpaka sauti inakwama.

Nilimhurumia Kailo, nadhani. Siku zile nilikuwa sijui vizuri ninachosikia moyoni. Nikazunguka ukuta, nikaiokota ngozi, nikaipangusa siafu. Nikauchovya mkono wangu kwenye maji ya chumvi, nikaipaka mgongoni, nikaisimamisha mbele yake. Kisha nikaweka bakuli chini.