Gari la Kumpandisha Mama Kinole

Kwa miaka mingi mama yangu hakupanda gari lenye paa. Gari alilokuwa akishuka nalo kutoka Kinole lilipinduka kwenye kona, milango ikakwama, akabaki ndani na abiria wenzake hadi watu waliokuwa shambani walipokuja kuvunja vioo. Hakuumia sana. Lakini tangu siku hiyo, mlango wa gari ukifungwa tu alitokwa jasho na kuomba ateremshwe. Akawa mtu wa bodaboda. Goti lilipomkatalia pikipiki nayo, akatulia kwangu Bigwa, akiutazama mlima wa Kinole kutoka uani. Mdogo wake anaishi huko juu, na huyo mdogo naye hakuwa tena na nguvu za kushuka.

Mimi na mume wangu tulipoamua kununua gari, yeye alitaka linalofungika vizuri, kwa sababu ya vumbi na mvua. Nikamwambia nataka lile la barabara mbaya linalofunguka juu. Akaniuliza kama nimeanza kujiona mtalii. Nikamweleza habari ya mama. Asubuhi yake nikamsikia akipiga simu kuulizia.

La kwanza tuliloona lilikuwa na paa la turubai. Turubai lilikuwa limechanika, na njiani lilipigapiga hewani hata hatukusikizana. Tukaliacha. La pili lilikuwa la mama mmoja mwalimu wa Mzumbe aliyekuwa anahamia mkoa mwingine: fupi, la milango miwili, paa gumu la vipande vinavyotolewa kimoja kimoja. Kwa kuwa mama yangu asingeweza kufika Mzumbe, tukamwomba mwenye gari alilete Bigwa.

Mwalimu alimwamkia mama, kisha yeye na mume wangu wakalitoa paa na kulilaza kwenye nyasi. Mama akalizunguka gari na fimbo yake, akasaidiwa kupanda kiti cha mbele. Akakaa. Nilimwangalia usoni, hakuna jasho. Mume wangu akanitazama kama anayesema biashara imekwisha. Mama ndiye aliyekuwa hajamaliza.

"Mkilirudisha hilo paa," aliuliza, "mtu wa ndani anaweza kulifungua mwenyewe?"

Yule mwalimu akamwambia ndiyo, vipande vya mbele vina makomeo kwa ndani.

"Basi lirudisheni. Nataka kujaribu."

Tukalirudisha, mlango tukauacha wazi kama alivyotaka. Komeo lilikuwa gumu. Mume wangu akanyoosha mkono amsaidie. Mama akausukuma pembeni. Akavuta, akapumzika, akavuta tena. Komeo likafyatuka, akakiinua kile kipande kwa kiganja na mwanga ukamwagika mapajani mwake. Akatazama juu.

"Hili," akasema. "Msihangaike tena."

Jumamosi iliyofuata tulipanda naye, paa la mbele tumelitoa na kuliweka nyuma. Alijifunga kanga usoni kwa ajili ya vumbi, na kila tuliyepishana naye na mkungu wa ndizi kichwani alimsalimia. Tulikuwa tumefika katikati ya mlima mvua ilipoanza kudondoka. Mume wangu akasimama na kumuuliza afanyeje. Tungeweza kujikinga chini ya kibanda cha ndizi hadi ikatike. Mama akageuka kulitazama paa kule nyuma, matone machache yakiangukia kanga yake.

"Fungeni. Mkono wangu utakaa kwenye komeo."

Tukafunga. Njia yote iliyobaki mkono wake haukutoka pale juu. Jasho lilimtoka, nililiona. Nikaanza kumuuliza mashamba tunayopita ni ya ukoo gani, naye akanijibu, mwanzoni neno moja moja, baadaye akawa ananisahihisha ninapokosea mipaka.

Mama mdogo alikuwa amekaa mlangoni kwake. Alipomwona dada yake akishuka alinyoosha mikono, na mama akaenda akamwinamia, fimbo ikaanguka kwenye tope. Walikaa hivyo hadi mimi nikaona haya kuwatazama, nikaenda kuinjika chai. Niliporudi niliwakuta wanacheka. Mama mdogo alitaka kujua kwa nini bega moja la dada yake limelowa na jingine ni kavu.

Ni kwamba paa linavuja pale pembeni. Linavuja hadi leo, ingawa mume wangu ameshabadilisha mpira wake wa kuzuia maji, na mama hulilalamikia kila tunapopanda Kinole.