Mkaguzi Abishaye Hodi Mtaroni

Ko, ko, ko: sauti ile meneja wa kiwanda cha kutia vitambaa rangi aliisikia hata ndotoni. Ni mkaguzi wa maji taka, akigonga mfuniko wa chemba kwa ndoano yake. Mama yule hafunui chemba bila kupiga hodi, na hujiitikia mwenyewe, "Karibu." Kisha huteremsha kichupa kwa kamba, huchota, hukiinua juani na kufumba jicho moja, kama anayetunga uzi sindanoni.

Akikuta rangi tena leo, kiwanda kinafungwa. Lakini kichupa kilitoka kinang'aa. "Hayo hata ungepikia chai, mama!" meneja alichekelea. Mkaguzi aliwatazama wafanyakazi waliokuja kumwamkia, mikono bluu hadi viwikoni. Akageuza ndoo yake kifudifudi, akaketi, akamenya chungwa polepole, ganda lisikatike. Nyuma ya ukuta, mpira wa bustani uliendelea kumimina maji safi kwenye mtaro uingiao chembani, kama meneja alivyoagiza tangu alfajiri.

"Funga bomba, mwanangu," mkaguzi alimwambia meneja kwa sauti ya chini kabisa. "Nina machungwa mengine mawili."