Sikio la Kulia la Shangazi

Mimi si mtu wa kusamehe, na hakuna aliyeniomba msamaha. Shangazi yangu ametengeneza injini za dizeli kwa miaka thelathini na moja, za jenereta, za pampu za maji, za mashine za kusaga, na miaka yote hiyo chombo chake kikuu kilikuwa bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mbao mweusi kwa mafuta. Hakuifungulia skrubu hata siku moja. Ncha aliigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini akaukandamiza kwenye sikio la kulia, akafumba macho. Kisha alisema, "Beringi ya pili, upande wa feni," na ukifungua unaikuta ni hiyo hiyo.

Sikio la kushoto lilikuwa la kuvalia hereni tu. Liliugua utotoni likabaki pambo. Kazi yote ilikuwa ya la kulia, na kila aliyeingia kwenye ua wa karakana alijua kwamba bisibisi ikiwa sikioni, watu wote kimya. Niliwahi kuwaona wawili wakigombana wakanyamaza katikati ya tusi, wakasubiri afumbue macho, ndipo wakamalizia. Mimi nauza vipuri kwenye chumba cha mbele, na bawaba za dirisha langu nilizitia mafuta zisilie.

Sasa huyo tunayemwita Besi. Kazi yake ni kukodisha muziki, na mdomo wake ni mkubwa kuliko spika zake. Jumamosi moja, saa sita mchana, alikuwa anapiga muziki kwenye ufunguzi wa duka la samani. Jenereta yake, aliyoiweka nyuma ya spika mbili ndefu kama milango, ikaanza kunguruma kwa kupanda na kushuka. Alituma mtu kumwita shangazi. Mimi nilibeba mfuko wa vifaa, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu.

"Mama, nakuomba umeme usikatike," Besi alisema. "Mwenye duka ana wageni wake hapa."

"Hautakatika," shangazi akajibu.

Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Shangazi ana msimamo wake wa kazi: akishaahidi, hazimi mashine ya mteja mbele ya wageni wa mteja. Springi ya mkono wa mafuta ilikuwa imekatika, akaushika mkono huo kwa vidole ili injini isiende mbio, akaniambia nitafute springi nyingine mfukoni. Kisha akapaza sauti, "Hebu punguza kidogo, nisikie injini."

Besi akachukua maikrofoni. "Jamani, fundi anasema hasikii. Tumwongezee?"

Watu wakapiga kelele za furaha, naye akazungusha kitufe mpaka mwisho.

Spika ilikuwa hatua moja kutoka sikio la kulia la shangazi. Angeweza kuuachia ule mkono, au kuizima mashine, akatoka zake. Hakufanya hivyo, kwa sababu alishasema hautakatika. Aliinamisha kichwa akajaribu kuziba sikio kwa bega, huku meno ameyauma. Mimi springi iliniponyoka mara mbili kwenye mchanga. Hilo nalo sijajisamehe. Nilipoitia mahali pake Besi alikuwa ameukata wimbo katikati ili atangaze namba yake ya simu, kwa hiyo hata wimbo mmoja haukuisha.

Njiani kurudi shangazi aligeuka mara tatu. "Nani anapiga filimbi?" akaniuliza. Hapakuwa na mtu.

Tulidhani atalala na itakwisha. Siku ya nne nikampeleka kwa daktari wa masikio, mama mmoja mpole aliyemfungia kwenye chumba kidogo akamsikilizisha milio ya kila aina. Shangazi alipotoka, daktari alimuuliza alikaa kwenye muziki huo muda gani.

"Wimbo mmoja," shangazi akasema, kwa aibu, kana kwamba anajitetea.

"Sauti ikiwa kubwa mno, na sikio likiwa karibu hivyo, dakika chache zinatosha," daktari akasema. "Kwa wengi mlio huo wa filimbi huisha baada ya siku moja mbili. Kwa wengine hauishi. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, mama, na vikifa havioti tena. Maongezi utasikia. Ulizopoteza ni sauti nyembamba."

Shangazi alitazama mikono yake. Beringi inayoanza kufa huanza kwa sauti nyembamba. Ikifika kwenye ngurumo hata mimi naisikia, na hapo haihitaji tena fundi wa kuisikiliza.

Alinikataza kumwambia mtu yeyote. Wateja wakijua, karakana imefungwa. Kwa miezi minane aliendelea kuweka mpini sikioni na kufumba macho, na watu waliendelea kunyamaza, naye alikuwa anasikiliza filimbi yake mwenyewe. Alibahatisha kwa moshi na kwa kugusa, na mara nyingi alipatia, maana miaka thelathini na moja si mchezo. Lakini pampu moja aliyoipitisha kuwa nzima ilikufa baada ya siku mbili. Mwenye pampu alikuja amefura, nami nikatokeza kichwa dirishani nikasema kosa ni langu, niliuza beringi feki. Tangu siku hiyo kuna watu hawanunui kwangu. Nilikuwa nalala na jina la Besi mdomoni na kuamka nalo.

Basi akaja mwenyewe. Asubuhi, ua umejaa, gari lake likarudi kinyumenyume hadi mlangoni likiwa na jenereta kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Mama, nimepata kazi ya siku tatu kwenye jukwaa la uwanjani," akasema, anacheka. "Sijawahi kupata kazi kubwa hivi. Hii mashine nimeinunua ikiwa imetumika. Nataka neno lako tu. Ukisema nzima, nakwenda nayo."

Nilimvuta shangazi nyuma ya pipa la dizeli. "Ikiwa mbovu, mwambie nzima," nikamnong'oneza. "Imfie jukwaani, uwanja mzima unatazama."

"Unadhani mimi nilikuwa nawaza nini?" akajibu.

Akachukua bisibisi. Ua ukanyamaza. Besi mwenyewe aliiwasha mashine, akasimama amefunga mikono kwa adabu. Shangazi akagusisha ncha, akafumba macho. Nilisubiri lile neno "nzima" kama mtu anayesubiri chakula. Halikuja. Akahamisha ncha, akasikiliza tena. Akahamisha tena. Nikaelewa: alitaka kudanganya, lakini hakusikia kama ni mbovu au nzima, kwa hiyo hakujua uongo ni upi.

Alifumbua macho. Akamnyooshea Besi mpini.

"Sikiliza wewe."

Besi akacheka, lakini akaupokea, akauweka sikioni kama alivyomwona yeye akifanya.

"Unasikia nini?"

"Ngurumo tu, mama. Na kitu kama filimbi, nyembamba sana."

Shangazi akanyoosha mkono akaizima mashine. Injini ikakohoa ikatulia.

"Na sasa?"

Besi alibaki na mpini sikioni. Alitazama injini, akatutazama sisi, kisha akauondoa mpini taratibu.

"Bado," akasema.

"Ilianza lini?"

"Muda kidogo. Nilidhani ni vyombo vyangu."

"Si vyombo. Ni wewe." Shangazi alisema kwa sauti ya kawaida, na kila mtu uani alisikia. "Mimi ninayo tangu ufunguzi wa lile duka. Nilikuomba upunguze, ukaniongezea. Wimbo mmoja tu, Besi. Daktari amesema haiponi. Mimi fundi uliyemfuata hapa sisikii beringi tena, kwa hiyo mashine yako sijui ni nzima au mbovu. Nenda nayo hivyo hivyo."

Besi alimrudishia bisibisi. Aliondoka na gari polepole, redio haikuwashwa. Wateja wawili waliosikia yote walichukua pampu zao bila kutuangalia usoni, na tulijua hawatarudi.

Shangazi akaitundika bisibisi kwenye msumari wake. Nilimfuata nikamwambia sikioni, lile la kulia, kwa sauti kubwa kidogo, "Umeridhika sasa?"

Alisimama akiutazama msumari.

"Bado," akasema.