Kitambaa Chekundu Bondeni

Mimi mtu wa Mji Mkongwe, na ndege niliyemjua kwa karibu ni kunguru, mwizi wa samaki. Nilipofiwa na mke wangu nikahamia shamba kwa binti yangu. Nyuma ya nyumba yake pana bonde la mpunga, masika hujaa maji. Kazi sina. Asubuhi nakalia kinu kibovu, maana viti vya plastiki vya siku hizi vishaniangusha mara mbili, nikatazama.

Kukuziwa, ndege mweusi mwenye mdomo mwekundu, alijenga kiota katikati ya mpunga wa jirani yetu, mjane ambaye hana kipande kingine. Mayai sita. Palizi ikakaribia, nami naogopa wanawake watayakanyaga. Nikachomeka kijiti kando ya kiota, nikakifunga kitambaa chekundu, wapate kuona. Sikumwambia mtu, na hapo ndipo nilipokosea.

Huku palizi ni ya zamu, leo kwako, kesho kwangu. Siku ya zamu ya jirani, wenziwe walisimama ukingoni, hawashuki. Walisema lile ni kago, dawa ya kulinda shamba na wezi, na mguu ukilikanyaga huvimba. Jirani akaapa hajatia kago. Hawakumsadiki, wakenda kupalilia kwa mwingine. Akabaki peke yake, magugu yanaupita mpunga, na asipovuna hapo hana pa kuvuna.

Nami nilinyamaza siku mbili, kwa haya. Siku ya tatu, wanawake wakipita ukingoni kwenda kupalilia kwa mwingine, nikakunja suruali, nikashuka, nikaking'oa kijiti mbele yao.

"Nimekitia mimi," nikasema. "Kwa ajili ya ndege."

Mmoja akaniuliza, "Mzee, na mguu haujavimba?"

"Huu ulivimba zamani, kwa baridi yabisi."

Wakacheka, wakashuka. Jirani hakucheka. "Siku zangu umezila wewe," akaniambia. "Basi inama."

Nikainama. Mpunga na gugu sivijui kuvitenga, na mpunga nilioung'oa ovyo yeye aliupanda tena nyuma yangu. Kiota walikipita mbali.

Yalianguliwa mayai manne. Mawili sijui yalikwendaje. Jirani alivuna pungufu. Ada ya huku majirani hupelekewa mchele mpya, ila mwaka ule kwetu haukufika.

Masika haya kukuziwa karudi palepale. Sijachomeka kitu. Nimekwenda kwanza kubisha hodi kwa jirani.